Kodi katika ufadhili wa masomo kwa wanamichezo: mambo ya kuzingatia kwa wazazi na vijana wa Tarime

Mkoa wa Mara una historia ya kutoa wanariadha waliopata elimu kupitia vipaji vyao. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, Marekani, akikimbilia timu ya chuo hicho, na mwaka 1980 alitwaa medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Vijana wa Tarime na Serengeti wanaotamani njia hiyo, pamoja na wazazi wao, wanapaswa kufahamu mapema kwamba si kila fedha iliyotajwa katika barua ya ufadhili husamehewa kodi.

Sheria ya Marekani

Sheria ya kodi ya Marekani hugawa ufadhili katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ada, vitabu na vifaa vinavyohitajika darasani kwa mwanafunzi anayesomea shahada. Fungu hili halitozwi kodi. Fungu la pili ni malazi, chakula, nauli na posho ya kujikimu. Hili huhesabiwa kuwa mapato, hata kama chuo kinalipia bweni moja kwa moja bila fedha kupita mkononi mwa mwanafunzi.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 14 katika fungu la pili. Baadhi ya nchi zina mikataba ya kodi na Marekani inayopunguza makato hayo. Tanzania haina mkataba wa aina hiyo.

Mfano wa hesabu

Tuchukulie ufadhili wa dola 40,000 kwa mwaka, ambapo dola 26,000 ni ada na vitabu, na dola 14,000 ni malazi, chakula na posho. Kodi ya zuio itakuwa asilimia 14 ya dola 14,000, yaani dola 1,960. Kwa viwango vya mwaka 2024, kodi halisi ya mapato hayo ni asilimia 10 ya dola 11,600 za kwanza na asilimia 12 ya dola 2,400 zilizobaki, jumla dola 1,448. Mwanafunzi huyo anastahili kurejeshewa dola 512, lakini atazipata tu akiwasilisha ritani.

Nyaraka muhimu

Chuo humpa mwanafunzi Fomu 1042-S inayoonesha kiasi alicholipwa na kodi iliyokatwa. Mwanafunzi hujaza ritani kwa Fomu 1040-NR na kuambatisha Fomu 8843. Mwenye mshahara uliokatwa kodi huwasilisha kabla ya tarehe 15 Aprili. Asiye na mshahara wa namna hiyo, kabla ya tarehe 15 Juni. Baadhi ya majimbo hutoza kodi yake pia, ingawa Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi.

Tangu Julai 2021, wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Malipo hayo si ufadhili. Aidha, viza ya F-1 huweka masharti makali ya kufanya kazi, hivyo mwanafunzi asisaini mkataba wowote kabla ya kupata ushauri wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni.

Sheria ya Tanzania

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inasamehe ufadhili unaolipia ada ya masomo ya muda wote katika taasisi ya elimu. Msamaha huo haugusi mshahara wala malipo ya biashara. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya ndani na nje ya nchi, na mwenye makazi ya kudumu nchini anayekuwepo hata sehemu ya mwaka huhesabiwa kuwa mkazi. Hata hivyo, sheria inatoa nafuu kwa kodi iliyokwisha kulipwa nje, hivyo stakabadhi zote zitunzwe.

Wazazi wanashauriwa kudai mchanganuo wa ufadhili kwa maandishi kabla kijana hajasafiri, na kupata ufafanuzi katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliyo karibu.