Herufi Moja kwa Shule Nzima: Historia ya Kupanga Shule za Umma kwa Madaraja nchini Marekani

Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, na kwa sababu hiyo mamlaka juu ya shule za umma, yaani shule zinazoendeshwa kwa kodi na zisizotoza ada, yamo mikononi mwa majimbo 50, ambayo kila moja hujiwekea mitihani yake na vipimo vyake. Mgawanyo huo wa madaraka ndio ulioliwezesha jimbo la Florida, mwaka 1999, kutunga sheria iliyoitaka serikali ya jimbo kuipa kila shule ya umma herufi moja kila mwaka, kuanzia A kwa shule bora hadi F kwa shule iliyofeli, huku herufi E ikirukwa kama ilivyo desturi ya madarasa ya nchi hiyo. Herufi hizo zilikwisha kutumika kwa wanafunzi kwa takriban karne nzima, kwani chuo cha Mount Holyoke huko Massachusetts kilikuwa na mfumo wa namna hiyo tangu mwaka 1897. Kilichokuwa kipya ni kuihukumu taasisi yenye mamia ya watoto kwa alama ileile anayopewa mtoto mmoja.

Mwasisi wa mpango huo alikuwa Jeb Bush, aliyeingia ugavana Januari 1999 akiwa ameahidi kwamba mzazi wa kawaida, asiye na muda wa kupekua majedwali ya takwimu, ataweza kuijua hali ya shule ya mwanawe kwa kutupia jicho mara moja. Herufi hiyo ilikuwa na meno. Shule iliyopata A, au iliyopanda daraja, ilipewa fedha za tuzo kwa hesabu ya kila mwanafunzi, ilhali wanafunzi wa shule iliyopata F mara mbili ndani ya miaka minne waliruhusiwa kuhamia shule nyingine ya umma au kupokea vocha, yaani hati ya malipo ya serikali iliyotumika kulipia ada ya shule binafsi. Shule 78 zilipata F mwaka huo wa kwanza, na vocha za mwanzo zilitolewa kwa watoto wa shule mbili za msingi za mji wa Pensacola. Mahakama Kuu ya jimbo iliifuta sehemu ya vocha za shule binafsi Januari 2006 kwa kuwa ilikiuka katiba ya Florida, lakini herufi zenyewe zilibaki, na pengine hilo laonyesha ni kipi kati ya viwili hivyo kilichokuwa kimezama zaidi katika mazoea ya watu.

Mwanzoni daraja lilitegemea karibu kabisa matokeo ya mtihani wa jimbo katika kusoma, kuandika na hisabati. Kwa kuwa matokeo ya namna hiyo hufuatana kwa karibu na kipato cha familia, herufi ilieleza kuhusu mtaa ilipo shule angalau sawa na ilivyoeleza kuhusu kazi ya walimu. Florida iliutambua udhaifu huo, na mwaka 2002 ikaongeza kipimo cha maendeleo, kinacholinganisha alama za mwanafunzi yuleyule mwaka hadi mwaka, pamoja na kipimo cha pekee kwa robo ya wanafunzi walio nyuma zaidi, ili shule isiweze kuwasahau hao na kuwakazania wenye nafuu. Pointi zote zilijumlishwa, na shule iliyofikisha 410 ikapata A. Hapo ndipo ugumu wote wa mfumo huu ulipojificha, kwa maana mzazi huiona herufi wala haoni pointi, na mpaka kati ya A na B haukuchorwa na maumbile bali ulipangwa na wajumbe wa bodi waliokaa mezani.

Athari zake hazikuwa za kufikirika tu. Wanauchumi David Figlio na Maurice Lucas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walionyesha kwamba katika mji wa Gainesville bei za nyumba zilibadilika kufuatana na herufi za shule za jirani, hata baada ya kuzingatia alama za mitihani ambazo wanunuzi wangeweza kuzijua bila herufi. Utafiti mwingine, ambao Figlio pia alishiriki, uligundua kwamba shule zilizotishiwa na F ziliboresha ufundishaji na matokeo yake yakapanda kweli, jambo ambalo wapinzani wa mfumo huu hupenda kulipita kimyakimya.

Mafanikio hayo yaliifanya Florida kuwa mfano. Jiji la New York lilianza kutoa herufi mwaka 2007, chini ya meya Michael Bloomberg, na likapata somo la haraka: mwaka 2009, mitihani ya jimbo ilipokuwa imelegea, asilimia 84 ya shule za msingi na za kati zilipata A, hata ikalazimu mwaka uliofuata kuweka kikomo ili A zisizidi robo ya shule zote. Majimbo ya Arizona, Indiana, Louisiana, Oklahoma, New Mexico, Mississippi na North Carolina yakafuata katika miaka michache baada ya 2010, kila moja likiwa na ukokotozi wake. North Carolina iliamua kwamba asilimia 80 ya daraja itokane na ufaulu na asilimia 20 tu itokane na maendeleo, uamuzi ambao karibu ulizihakikishia shule za watoto maskini herufi za chini kabla hata mtihani haujafanywa.

Nguvu ya anayeshika kalamu ya ukokotozi ilidhihirika zaidi Indiana. Tony Bennett, aliyekuwa mkuu wa elimu wa jimbo hilo kabla ya kushindwa katika uchaguzi wa 2012 na kuhamia Florida kuwa kamishna wa elimu, alikuwa ameitaja hadharani shule ya Christel House Academy ya Indianapolis kuwa kielelezo cha ubora. Hiyo ni shule ya mkataba, yaani inayolipiwa na kodi lakini ikiendeshwa na bodi yake nje ya wilaya, na mwanzilishi wake alikuwa mfadhili mkubwa wa chama cha Republican. Hesabu za mwaka 2012 zilipoanza kutoka, shule hiyo ilielekea kupata C kwa sababu ya alama duni za aljebra za darasa la kumi. Barua pepe zilizofichuliwa na shirika la habari la Associated Press Julai 2013 zilionyesha jinsi Bennett na wasaidizi wake walivyohangaika hadi kanuni ikarekebishwa na shule ikapata A. Bennett alijiuzulu Florida tarehe 1 Agosti. Uchunguzi ulioagizwa na viongozi wa bunge la Indiana ulieleza baadaye kwamba mabadiliko hayo yalikuwa na sababu zinazokubalika na yalizinufaisha shule nyingine pia, hitimisho ambalo huenda linatia wasiwasi kuliko tuhuma zenyewe, kwani lina maana kwamba C na A zote mbili zilikuwa halali.

Florida yenyewe haikuwa imekaa imara. Mei 2012, baada ya masharti ya usahihishaji wa insha kukazwa, idadi ya wanafunzi wa darasa la nne waliofikia kiwango iliporomoka kutoka asilimia 81 hadi 27, na bodi ya elimu ikaitisha kikao cha dharura na kushusha alama ya kufaulu. Kisha ikaamua kwamba hakuna shule itakayoshuka zaidi ya daraja moja kwa mwaka.

Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2015 iliyataka majimbo yatofautishe shule kwa ubora bila kuyalazimisha kutumia herufi, na mengine yakachukua fursa hiyo kuachana nazo. Virginia ilikwisha kuifuta sheria yake mwaka huohuo kabla haijatoa daraja hata moja, New Mexico ikaacha mwaka 2019, Ohio ikaweka nyota badala ya herufi mwaka 2022, na Michigan ikaifuta sheria yake mwaka 2023.

Texas ilikwenda kinyume. Ilianza kuzipa wilaya herufi mwaka 2018 na shule mwaka 2019, huku sheria ikisema kwamba shule moja ikishindwa miaka mitano mfululizo jimbo laweza kuiondoa bodi ya wilaya nzima. Ni rekodi ya shule ya sekondari ya Phillis Wheatley iliyofungua njia ya jimbo kuitwaa wilaya ya Houston mwaka 2023. Mwaka huohuo wakala wa elimu wa Texas ulipandisha kiwango cha A katika kipengele cha maandalizi ya chuo na kazi, kutoka asilimia 60 ya wahitimu hadi 88, na kukitumia kwa wahitimu waliokwisha kuondoka shuleni. Wilaya zaidi ya 100 zilikwenda mahakamani, jaji akazuia utangazaji, na madaraja ya 2023 yakatoka Aprili 2025 tu, wakati ambapo watoto waliofanya mitihani yake wakiwa darasa la nane walikuwa wanakaribia kumaliza la kumi.