Matonge ya Bruxelles: mtaa ambao Wakongomani waliupa jina wenyewe

Hapa kwetu Lubumbashi jina la Matonge linajulikana hata kwa mtu ambaye hajawahi kufika Kinshasa wala Bulaya. Kijana akipata viza ya Ubelgiji, wakubwa wanamwambia: ukifika Bruxelles na ukikosa pa kuanzia, uliza Matonge, utakuta ndugu. Wanaorudi likizo wanasimulia saluni za nywele, vitambaa vya wax, sombe na muziki. Jambo ambalo hawasimulii sana ni namna mtaa huo ulivyozaliwa, na kwa nini uko pale ulipo. Leo tuutembelee kwa njia hiyo ya historia. Kula tutakula pia, msiwe na wasiwasi.

Tuanze na majina. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walibatiza miji yetu kama vile haikuwa na wenyewe. Kinshasa iliitwa Léopoldville kwa heshima ya mfalme Léopold II. Kisangani ikawa Stanleyville. Mji wetu ukaitwa Élisabethville, jina la malkia Élisabeth, mke wa mfalme Albert I. Likasi ikawa Jadotville, Kalemie ikawa Albertville, na Bukavu ikapitia jina la Costermansville. Ilipofika mwaka wa 1966 ndipo serikali ilipobadilisha majina ya Léopoldville, Stanleyville na Élisabethville.

Halafu, katika miaka ya 1970, kikatokea kitu ambacho hakuna waziri aliyekiamuru. Wakongomani waliokuwa Bruxelles walichukua jina la Matonge, mtaa wa komini ya Kalamu kule Kinshasa unaojulikana kwa baa na muziki, wakalipeleka Ubelgiji. Kwanza waliita hivyo Galerie d'Ixelles, jengo la maduka lenye kipito cha ndani. Baadaye jina likaenea mpaka kwenye barabara za jirani: chaussée de Wavre, chaussée d'Ixelles, rue Longue Vie. Wabelgiji wenyewe wakaanza kusema Matonge. Waliokuwa wanapewa majina, safari hii ndio walitoa jina, tena katika mji mkuu wa aliyekuwa bwana wao.

Lakini watu hao walifikaje pale? Zamani za ukoloni, Mkongomani hakuenda Ubelgiji kwa kutaka kwake tu. Wachache waliofika walipelekwa na wazungu. Mmoja wao ni Paul Panda Farnana, mzaliwa wa 1888 katika Congo ya Chini, ambaye alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mwaka wa 1900. Alisoma kilimo na kupata diploma huko Vilvoorde mwaka wa 1907. Vita ya 1914 ilipoanza, alijiunga na jeshi la Ubelgiji, akakamatwa na Wajerumani na kufungwa kama mateka. Aliporudi, mwaka wa 1919 alianzisha Union Congolaise, chama cha kusaidia Wakongomani walioishi Ubelgiji na kutetea haki zao. Miaka arobaini na moja kabla ya uhuru, kulikuwa tayari na Mkongomani aliyesimama Bruxelles na kudai watu wake wasomeshwe na wasikilizwe.

Baada yake mlango ulibaki mwembamba. Mwaka wa 1952 Thomas Kanza aliingia chuo kikuu cha Louvain, jambo lililokuwa jipya kabisa kwa Mkongomani asiye padri. Mwaka wa 1958 Bruxelles iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, yale yaliyoacha Atomium. Mamia ya Wakongomani walialikwa. Wengine waliwekwa katika "kijiji" ili wageni wawatazame. Wageni waliwadharau, wengine wakiwatupia ndizi, mpaka watu wa kijiji hicho wakakataa na kuondoka kabla ya maonyesho kuisha.

Miaka miwili haikupita. Januari 1960 viongozi wa Congo walikaa Bruxelles katika mkutano wa Meza ya Duara. Patrice Lumumba alitolewa gerezani Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akapandishwa ndege kwenda mkutanoni. Huko ndiko tarehe ya 30 Juni ilipokubaliwa. Huko huko Bruxelles, bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilipiga kwa mara ya kwanza "Indépendance Cha Cha".

Baada ya uhuru wanafunzi waliongezeka. Walihitaji pa kulala, na mwaka wa 1961 ilifunguliwa Maison africaine katika komini ya Ixelles, karibu na Porte de Namur. Hiyo ndiyo mbegu ya Matonge. Mwanafunzi anahitaji chumba, lakini anahitaji pia mtu wa kumnyoa, mahali pa kusikiliza muziki wa nyumbani, na chakula kinachomtuliza moyo. Wakati wa Zaïre wakaja wafanyabiashara, wengi wao wanawake, wakinunua na kuuza vitambaa, viatu na dawa za nywele. Wakubwa wa serikali na wake zao nao walipita hapo kila likizo. Kuanzia miaka ya 1990, shida na vita vikaleta wakimbizi. Leo pale utasikia Lingala kwanza, lakini pia Kiswahili cha watu wa Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi, pamoja na lugha za Warwanda, Warundi, Wakameruni na Wasenegali.

Sasa tuingie sokoni. Katika magazini ya chaussée de Wavre utakuta sombe iliyotwangwa na kugandishwa, chikwange, ndizi za kupika, unga wa muhogo wa bukari, pilipili, hata vinkubala vilivyokaushwa, vile vile tunavyovipenda hapa Katanga. Ukitaka kula umekaa, rue Longue Vie ina mikahawa yenye samaki wa kuchoma, kuku na mbuzi. Na ndani ya chakula hicho mna historia. Muhogo tunaouita wetu ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Congo katika karne ya 16. Makayabu, samaki wa chumvi ambaye mama wa Kinshasa hapiki sikukuu bila yeye, huvuliwa katika bahari ya baridi ya kaskazini, karibu na Bulaya kuliko kwetu. Kwa hiyo makayabu anayeuzwa Matonge hajasafiri mbali sana. Ni ladha ya Congo ndiyo iliyosafiri.

Ukishashiba, tembea kidogo kwa mguu. Pale pale kwenye mlango wa Matonge, Porte de Namur, kuna uwanja mdogo unaoitwa Square Patrice Lumumba. Ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Haukupatikana kwa urahisi: mashirika ya Wakongomani na marafiki zao waliomba kwa miaka, na baraza la komini ya Ixelles halikukubali. Mwishowe ni mji wa Bruxelles uliokubali, upande wake wa mpaka. Kwa sisi wa Lubumbashi jina hilo si la mbali. Lumumba aliuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961, na jino lake, ambalo polisi mmoja Mbelgiji alilichukua na kulificha nyumbani kwake, lilirudishwa kwa familia huko Bruxelles mwezi wa Juni 2022. Kabla ya kuzikwa Kinshasa lilipitishwa Shilatembo, mahali alipouawa.

Kutoka uwanja huo fuata barabara kubwa kuelekea jumba la mfalme. Dakika kumi hazitaisha kabla hujafika place du Trône. Hapo kuna sanamu kubwa ya Léopold II juu ya farasi, iliyosimamishwa mwaka wa 1926. Watalii wengi wanapiga foto na kupita. Wewe soma maandishi yaliyo kwenye sanamu: yanasema kwamba shaba na bati ya sanamu hiyo vilitoka Congo, na vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Bure! Nani alilipa bure hiyo? Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911. Waliochimba na kuyeyusha madini hayo ni babu zetu, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kumtolea mfalme zawadi. Bomba refu la kiwanda tunalioona kila siku hapa, na farasi yule wa Bruxelles, ni ndugu wa tumbo moja.

Ukiwa na siku nyingine, toka nje ya mji kidogo. Panda metro mpaka Montgomery, kisha chukua tramu namba 44. Inapita avenue de Tervueren, barabara iliyofunguliwa kwa ajili ya maonyesho ya 1897, halafu inaingia msituni mpaka Tervuren. Safari ni nzuri, miti pande zote. Lakini mwisho wake ni mzito. Mwaka huo wa 1897 Léopold II aliwaleta Wakongomani 267 na kuwaweka katika vibanda kando ya ziwa la bustani, na zaidi ya watu milioni moja walikuja kutazama. Saba walikufa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Ukifika, usipite bila kusimama.

Jumba la makumbusho lililo jirani lilifunguliwa mwaka wa 1910, likafungwa 2013 kwa matengenezo, na kufunguliwa tena Desemba 2018 kwa jina la AfricaMuseum. Ndani kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji zaidi ya 1500 waliokufa Congo katika miaka ya mwanzo ya ukoloni. Kwa miaka mingi hapakuwa na jina hata moja la Mkongomani. Msanii wetu Freddy Tsimba aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayoelekea ukuta huo. Jua likiwaka, kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya majina ya Wabelgiji.

Sasa turudi Matonge, maana kuna jambo la kufikiri. Wakongomani wengi wanaokutana pale hawaishi pale. Wanatoka sehemu nyingine za Bruxelles, hata miji mingine, wanakuja kusuka nywele, kununua chakula, kupata habari, kisha wanarudi kwao. Maduka mengi ya chakula chetu si mali yetu. Wenye nayo ni wafanyabiashara waliotoka Asia, hasa Pakistani na India, waliojua kununua kwa pamoja na kuuza kwa faida. Na nyumba zenyewe zina wenye nyumba. Ofisi za Umoja wa Ulaya ziko jirani, watu wenye pesa wanautafuta mtaa huo, kodi ya nyumba inapanda. Jina tulilitoa sisi, lakini kuta si zetu.

Ndiyo sababu ninaona kwamba Matonge inaweza kupotea bila mtu kuifukuza. Msusi mmoja akishindwa kulipa kodi anaondoka, kisha mwingine, na siku moja jina linabaki kwenye matangazo ya watalii tu. Historia yetu inatuonyesha njia zote mbili. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na kuwa Gécamines. Tulipata jina na mali pamoja, na kila mtu wa mji huu anajua mali ile ilivyotutoka mikononi. Kule Bruxelles tulipata jina bila mali, na watu wameulinda mtaa kwa miaka hamsini kwa desturi ya kukutana tu. Ni kazi kubwa waliyoifanya, lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa desturi.

Kwa hiyo, wewe mwenye mtoto au ndugu anayejiandaa kusafiri, usimpe orodha ya vitambaa na viatu peke yake. Mwambie asome maandishi ya sanamu ya place du Trône, ataje majina saba ya Tervuren, na akinunua sombe Matonge aulize duka ni la nani. Na kama ana pesa kidogo na wenzake wa kuaminika, waulize pia duka hilo linauzwa bei gani.