Sindano ya mkono, vita vya tumboni

Juzi nilikuwa napekua kabati la mzee nikakuta kijitabu chake cha njano cha chanjo. Ndani kuna mhuri wa kipindupindu wa mwaka 1972. Enzi hizo bila mhuri huo husafiri, na ulidumu miezi sita tu, kisha unachomwa tena. Mzee anakumbuka mkono ulivimba siku mbili. Nikamwuliza, je, ilisaidia? Akacheka.

Haya, nimekwenda kusoma: ilisaidia kidogo tu, tena kwa muda mfupi. Mwaka 1973 sharti la cheti hicho likafutwa kwenye kanuni za afya za kimataifa. Kwa nini sindano ilishindwa?

Robert Koch alimtenga bakteria wa kipindupindu kule Calcutta mwaka 1884, akahisi kwamba anaua kwa sumu. Ushahidi ulisubiri miaka 75! Mwaka 1959, jijini humohumo, Sambhu Nath De alifunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi pande mbili, akaingiza maji walimooteshwa bakteria, yakiwa yamechujwa asibaki hata mmoja. Utumbo ukafura maji vilevile. (De alifariki 1985 bila Nobel. Mimi naona alidhulumiwa.)

Sasa angalieni. Bakteria huyu haingii kwenye damu. Anapenya ute, anajishikiza juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutema sumu, kisha seli zetu wenyewe zinamwaga maji ya mwili. Sindano ya mkono huamsha hasa kingamwili za damuni: askari wako barabarani, mwizi yuko jikoni. Utumbo una jeshi lake, kingamwili iitwayo IgA, ambayo seli za ukuta huivusha hadi kwenye ute ikawanase bakteria na sumu yao kabla hawajashika. Jeshi hilo huamka vizuri likionyeshwa adui palepale, yaani kwa njia ya mdomo.

Ndipo Jan Holmgren wa Göteborg, Uswidi, na wenzake wakatengeneza chanjo ya kunywa: bakteria waliouawa, pamoja na ile sehemu ya sumu inayonata kwenye seli lakini haidhuru. Ilianza kujaribiwa Matlab, Bangladesh, mwaka 1985. Mwaka 2009 ikafika kwetu, Unguja na Pemba. Dozi mbili zilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 79, na hata wasiokunywa, ila majirani zao wengi wamekunywa, walipata nafuu.

Nimemweleza mzee yote haya. Ameuliza swali moja tu: hiyo ya kunywa haivimbishi mkono?