Siyo ile yetu

Wiki hii, ndugu wasikilizaji, nataka tuzungumze jambo ambalo wengine mtaliona dogo, nalo ni vipindi vya watoto. Nimelipata nyumbani kwetu Njinjo, Wilaya ya Kilwa, huko unakofika ukiiacha barabara kuu pale Nangurukuru na kushika njia ya Liwale.

Nilikwenda kwa msiba. Jioni ya siku ya tatu watoto walihamia kwa jirani mwenye sola na televisheni. Nikawafuata. Walikuwa wakitazama Ubongo Kids, ile katuni inayotengenezwa Dar es Salaam, iliyoanza kurushwa na TBC mwaka 2014, ambayo inafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Nilitazama kidogo, halafu nikasema kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo: "Hizi nazo ni hadithi? Hadithi zilikuwa za Mama na Mwana."

Wenye umri wangu wataelewa. Mama na Mwana kilikuwa kipindi cha watoto cha Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya Debora Mwenda ilikuwa ikiingia katika nyumba zetu kama sauti ya shangazi. Njinjo redio zilikuwa za kuhesabu. Tulikuwa tunakusanyika kwenye redio ya mzee mmoja, na betri zikichoka tulizianika juani tangu asubuhi ili jioni zitufikishe mwisho wa hadithi.

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameketi mkekani nyuma yangu, akacheka. "Wewe! Umekwisha sahau bibi alivyosema?"

Kwa kweli nilikuwa nimesahau. Siku moja bibi yetu alikuja kutuita, akakuta redio inasimulia hadithi ya Sungura ambayo yeye mwenyewe alikuwa akitusimulia. Akasimama mlangoni, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia: "Mume wangu, huyo ameukata wimbo. Sungura anaimba mara tatu, na watoto wanaitikia. Huyo wa kwenye redio anaitikiwa na nani?"

Basi ndiyo hali yetu, ndugu wasikilizaji. Mimi nailaumu televisheni kwamba imeharibu hadithi za redio, na bibi aliilaumu redio kwamba imeharibu hadithi za jikoni. Nadhani hata bibi yake bibi alikuwa na lake la kusema. Kila mara jambo la watoto linapotengenezwa upya, wakubwa husimama mlangoni na kusema: siyo ile yetu.

Wala hili si la Njinjo peke yake. Chukua mfano wa kipindi cha watoto kilichosambaa kuliko vingi duniani, Sesame Street cha Marekani. Kilianza tarehe 10 Novemba 1969. Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett walikibuni wakiwa na shabaha moja: mtoto wa maskini, hasa wa mijini, aingie darasa la kwanza akizijua herufi na tarakimu kama mwenzake wa tajiri. Vikaragosi vya Jim Henson vilikuwa chambo tu, samaki alikuwa elimu.

Wakubwa wakaanza. Mwaka 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilikipiga marufuku, kwa sababu kipindi kilionyesha watoto weusi na weupe wakicheza pamoja. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku 22 marufuku ikaondolewa. Mwaka 1971 BBC ya Uingereza nayo ikakikataa. Mkuu wa vipindi vya watoto, Monica Sims, aliona kinamfundisha mtoto kwa kumwamrisha.

Hata hivyo nchi nyingine zilikitaka, lakini si kile kile. Zilitaka kifumwe upya kwa lugha zao na mambo yao. Mexico ikawa na chake mwaka 1972. Afrika Kusini ikaanza Takalani Sesame mwaka 2000, na mwaka 2002 ikamwingiza kikaragosi mpya, Kami, mtoto wa kike wa miaka mitano, yatima, mwenye virusi vya UKIMWI. Hapo kelele zilianzia ng'ambo ya bahari. Wabunge kadhaa wa Marekani walimwandikia mkuu wa PBS, shirika la televisheni ya umma la huko, wakionya kwamba Kami asije akapelekwa kwa watoto wao. Afrika Kusini mtoto yatima wa aina hiyo alikuwa mtoto wa jirani. Washington alikuwa kashfa.

Kabla ya mwaka 2010 Kami alifika Tanzania katika kipindi kilichoitwa Kilimani Sesame, kilichokuwa na mambo ya malaria, UKIMWI, herufi na hesabu, kwa Kiswahili. Nakumbuka mabishano ya uwanjani kwetu Dar es Salaam. Mpangaji mwenzangu mmoja, aliyewahi kusoma ng'ambo, alikunja uso: "Hii siyo ile. Ile ya kwao ilikuwa na taa, ina mji." Mama mmoja aliuliza kwa nini mtoto wa miaka minne asikie habari za ugonjwa ule. Mwingine akamjibu taratibu kwamba mwanawe alikuwa anausikia tayari, maana alikuwa anaishi na watoto wa marehemu dada yake. Pale uwanjani tukanyamaza wote.

Katika mabishano yale hatukumwuliza mtoto hata mmoja. Wataalamu ndio waliowauliza. Mwaka 2010 Dina Borzekowski na Henry Macha walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wadogo wa Tanzania waliopata Kilimani Sesame. Waliokipata zaidi walifanya vizuri zaidi katika kusoma, katika hesabu na katika kuijua malaria. Mtoto hakujali kama ile ya zamani ilikuwa na taa. Hakuiona ya zamani. Kwake hii ndiyo ya kwanza.

Sasa msidhani nasema wakubwa wafunge midomo. La hasha. Kipo kilio kimoja cha watazamaji ambacho kilikuwa cha haki kabisa. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba Sesame Street mpya itaonyeshwa kwanza na HBO, televisheni ya kulipia, na televisheni ya umma itaipata miezi tisa baadaye. Mwaka 2016 ikawa hivyo. Kipindi nacho kikapunguzwa kutoka saa nzima hadi nusu saa. Wenye kipindi walijitetea kwamba fedha zimepungua, na kwamba bila HBO vingetengenezwa vichache. Pengine ni kweli. Lakini wazazi wengi waliuliza: kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mtoto wa maskini, leo mtoto wa maskini ndiye anayekingoja foleni? Mwaka 2025 mkataba mpya ulitangazwa, wa Netflix na PBS, ambapo vipindi vipya hutoka siku moja kote kuwili. Foleni ile ikaondolewa.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kipindi cha watoto kikirudi na sura mpya, tusianze na swali la kama kinafanana na chetu. Tuanze na hili: kinamfikia nani, na nani kabaki nje ya mlango?

Kwetu Kusini swali hilo tunalijua kwa mwili. Televisheni za Bara zilianza mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Lakini kuanza Dar es Salaam si kufika Kilwa. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulivuka Rufiji kwa pantoni, na mvua ikikolea hata gazeti halikufika. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Wilaya yetu ya Kilwa, inapita baharini na nchi kavu kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam. Basi televisheni nyingi za mjini zimekuwa zikiwashwa kwa nguvu iliyotoka kwetu, wakati mtoto wa Njinjo anachungulia dirishani kwa mwenye sola. Na tangu kuhamia dijitali, antena peke yake haitoshi. Lazima king'amuzi, na ving'amuzi vingi vinataka malipo ya kila mwezi.

Ndiyo maana nawaomba wenye vituo na wenye kutengeneza vipindi wasiidharau redio. Kilimani Sesame kilikwenda redioni pia, na walifanya jambo la busara. Redio haihitaji sola kubwa wala malipo ya mwezi, na siku hizi imo ndani ya simu ya baba. Kinachotengenezwa kwa picha kisimuliwe pia kwa sauti, kwa saa ambayo mtoto ametoka shule na mama ametoka shamba. Na wenye nyumba za televisheni, kama yule jirani wa Njinjo, waendelee kuacha mlango wazi.

Jioni ile, baada ya dada kuniumbua, nilibaki mkekani. Katuni ikauliza swali la hesabu. Watoto kumi na kitu wakajibu kwa sauti moja, utadhani aliyeuliza yumo sebuleni. Nikakumbuka kwamba hata sisi, siku zile, Mama na Mwana kilipofika penye wimbo tulikuwa tunaitikia. Redio haikutusikia, lakini tuliitikia. Bibi alikuwa ameuliza nani anamwitikia yule mtu, na majibu alikuwa nayo miguuni pake, yamekaa chini yanaimba.

Kwa leo, ndugu wasikilizaji, naishia hapa.