Kutoka Mwisho Kurudi Mwanzo: Hoja ya Kinyume katika Bao na katika Historia ya Kiswahili



Anayetazama bao kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mchezaji huchagua shimo la kuanzia, akasambaza kete, kisha akaona zitakakomfikisha. Mchezaji mahiri hafanyi hivyo. Kete za mkononi zikishakwisha na mchezo ukaingia hatua ya mtaji, macho yake huenda kwanza kwenye safu ya mbele ya mwenzake, kulitafuta shimo analotaka kulila. Kisha hulitazama shimo lake mwenyewe linalokabiliana nalo, ambalo sharti liwe na kete. Hapo ndipo anapohesabu kurudi nyuma: shimo lililo hatua tatu nyuma, je, lina kete tatu? Lililo hatua tano nyuma, lina tano? Akilipata lenye hesabu kamili, mkono hushuka. Watazamaji huona mkono unakwenda mbele. Fikra zilikwenda nyuma zamani.

Mbinu hii si ya barazani pekee. Mama yangu hakupata kusoma hesabu shuleni, lakini mwezi wa Ramadhani alianza na adhana ya magharibi, akarudi nyuma: tambi saa ngapi, mihogo saa ngapi, nazi ikunwe lini, kunde zilowekwe usiku gani. Sikumbuki futari yake ilichelewa.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua umetokana na ndugu wa bao. Awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48, ulitatuliwa kikamilifu mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam. Kompyuta zao hazikuanza na mpangilio wa mwanzo. Zilianza na hali za mwisho, zenye kete chache, zikapanda nyuma hatua kwa hatua hadi zikapitia hali zaidi ya bilioni 889. Jibu likawa kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare.

Sasa niingie katika fani yangu. Mwanaisimu-historia naye yumo katika mchezo huo huo, ila kwa tofauti moja nzito: mchezaji hujichagulia mwisho anaoutaka, ilhali sisi mwisho tumekabidhiwa. Mwisho huo ni lugha tunayoizungumza leo. Kinachotafutwa ni mwanzo, na walioushuhudia hawapo.

Tuchukue kitenzi zaa. Katika kutendwa hatusemi *zawa*, twasema zaliwa. Vivyo hivyo twaa na twaliwa, nunua na nunuliwa, fungua na funguliwa. Sauti l hii imetoka wapi? Anayefikiri kwa kwenda mbele atasema imechomekwa ili kutenganisha irabu, na kuna vitabu vya sarufi vinavyotosheka na maelezo hayo. Anayerudi nyuma huuliza swali jingine: je, yamkini l ilikuwamo tangu asili, ikadondoka pale tu ilipokuwa mwishoni mwa mzizi, kabla ya irabu ya mwisho? Kiganda kina zaala. Kizulu kina zala. Nomino nazo zatoa ushahidi: mvua yetu ni mvula katika Kigiriama, imvula katika Kizulu, mbura katika Kigikuyu. Njia ni njira kwa Wagiriama na njĩra kwa Wagikuyu. Haiyumkiniki kwamba lugha zote hizi, zilizotawanyika hivyo, zilichomeka sauti moja mahali pale pale. Kiswahili ndicho kilichopoteza.

Jambo hili lina uzito unaozidi sauti moja. Kwa miaka mingi asili ya Kiswahili ilibishaniwa kwa kuhesabu maneno ya Kiarabu, kana kwamba lugha ni kapu na asili yake hujulikana kwa kupekua kilichomo. Hesabu hiyo yatueleza nani tulifanya naye biashara na tulisali namna gani. Haitwambii lugha ilizaliwa wapi. Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, kisha Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, waliipita njia ndefu zaidi: walilinganisha sauti na viambishi, wakakiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Kwa maoni yangu hapo ubishi mkubwa ulikwisha, ingawa mabaki yake ningali nayasikia hata kwa watu wenye shahada.

Hata hivyo hoja ya kinyume ina mtego wake, nami nilinaswa. Nilipokuwa mwanafunzi niliifurahia kanuni hii ya l kupita kiasi. Nikaona sahauliwa, nikaona dharauliwa, nikaandika daftarini, bila kusita, kwamba zamani palikuwa na vitenzi *sahaula* na *dharaula*. Hapakuwa navyo. Sahau imetokana na Kiarabu, na huko haina l hata chembe. Wasemaji walikwisha kuizoea ruwaza ya zaliwa na nunuliwa, wakaivisha kila kitenzi kilichomalizikia kwa irabu mbili za namna ile, kiwe cha kale au mgeni wa jana. Kwa hiyo zaliwa na sahauliwa hukaa ukurasa mmoja, zimevaa kanzu moja, na ndani ya Kiswahili peke yake hakuna kinachozitofautisha. Ilinibidi nitoke nje, niwaulize Wagiriama na Waganda kuhusu ya kwanza, na Waarabu kuhusu ya pili.

Mchezaji wa bao hana shida hii. Kete zake zote zi mbele yake, na kila shimo husema kweli.

Daftari lile ningali nalo. *Sahaula* imekatwa kwa wino mwekundu, na mkono uliokata si wangu.