Walishona Uchungu Wao Kwenye Gunia, na Hawakuweka Jina

Kama wewe ni mpenzi wa ngoma za zamani, huenda umewahi kukutana na wimbo wa Sting wa mwaka 1987, They Dance Alone. Unahusu wanawake wa Chile waliokuwa wakicheza bila wenza wao. Sting tunamjua. Wale wanawake je? Leo tuwaongelee wao, hasa ile kazi yao nyingine ambayo haikuhitaji jukwaa wala maiki: sindano, uzi na gunia.

Turudi nyuma kidogo. Septemba 11, 1973, jeshi la Chile lilimpindua Rais Salvador Allende, na Jenerali Augusto Pinochet akashika nchi. Watu wakaanza kuchukuliwa majumbani, kazini, barabarani. Wengi hawakurudi. Tume zilizoundwa baada ya utawala huo zilithibitisha zaidi ya watu 3,000 waliouawa au kupotezwa. Mama akienda kumuulizia mwanawe, anajibiwa kuwa hakuna mtu kama huyo aliyekamatwa.

Hebu jiweke hapo. Huna maiti, huna kaburi, huna hata karatasi. Na mara nyingi aliyepotea ndiye aliyekuwa analeta hela ya mkate nyumbani.

Kamati ya makanisa jijini Santiago ikaanza kuwakusanya hawa wanawake. Kuanzia 1976 kazi hiyo ikaendelezwa na ofisi ya Kanisa Katoliki iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad. Wazo la mwanzo lilikuwa la kawaida tu: wapate kitu cha kufanya kwa mikono, na wapate chochote cha kulisha watoto. Kazi waliyoifanya inaitwa arpillera, neno la Kihispania lenye maana ya kitambaa cha gunia.

Sasa njoo kwenye ufundi wenyewe. Unachukua kipande cha gunia, si kikubwa sana. Juu unashona milima ya Andes, mara nyingi na jua lake. Chini unajenga mtaa: nyumba, miti, uzio. Kila kimoja unakikata kwenye mabaki ya nguo na kukishona kwa mkono, kipande kimoja baada ya kingine. Watu ni vidoli vidogo vilivyojazwa ili vitokeze. Njiti ya kiberiti inaweza kuwa mpini wa ufagio. Mwisho unazungushia ukingo kwa uzi wa sufu. Njia ya mkato haipo.

Na kuna vitambaa vilivyokatwa kwenye nguo za hao hao waliopotea. Yaani shati la mwanao ndilo unalitia mkasi. Hiyo si kazi ya kuharakisha.

Nadhani ule utaratibu wa polepole ndio uliowasaidia. Msiba una siku zake: mnalia, mnazika, watu wanaondoka. Huu wa kwao haukuwa na matanga. Hujui kama ulie au usubiri mtu abishe hodi. Sindano inakupa pa kushika: leo nashona mlango, kesho nashona lile gari lililosimama mlangoni. Na kwa kuwa walishona pamoja, mmoja alisimulia yaliyomkuta huku wenzake wakisikiliza, mikono inaendelea.

Kwa mbali kazi hizo zinang'aa rangi kama mchoro wa mtoto. Sogea karibu ndipo unaona askari, foleni ya watu wanaosubiri chakula cha msaada, wanawake waliojifunga minyororo kwenye uzio. Kwa muda wenye mamlaka waliona ushonaji tu wa akina mama. Huku nyuma Vicaría ilikuwa inazinunua na kuzipeleka Ulaya na Marekani. Nyingine zilikuwa na kijimfuko mgongoni chenye karatasi ya ujumbe. Serikali iliposhtuka, gazeti la upande wake likasema zinaichafua nchi. Ndiyo maana wengi hawakuweka saini: jina lako likionekana, wanajua nyumba ya kubisha hodi.

Pinochet aliondoka madarakani mwaka 1990. Leo arpillera zipo kwenye jumba la makumbusho ya kumbukumbu na haki za binadamu la Santiago, lililofunguliwa 2010. Lakini familia nyingi hazijapata hata mfupa wa kuzika.

Kwenye baadhi ya vitambaa utaona bango dogo lililoshonwa: ¿Dónde están? Wako wapi? Swali linamhusu aliyepotea. Kwa aliyeshona, hakuna hata herufi moja.

Wewe je, ungekubali kazi yako bora kuliko zote izunguke dunia bila jina lako? Tuambie hapo chini.