Kukubalika na Urafiki: Wanafunzi Wenye Vipawa katika Shule za Shasha

Mijadala juu ya wanafunzi wenye vipawa, yaani wale ambao uwezo wao wa kufikiri na kujifunza umewapita mbali wenzao wa rika, mara nyingi huchanganya mambo mawili: kukubalika na kundi, na kuwa na rafiki. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, hali iliyozoeleka Masisi na Walikale, maeneo ya Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, mtoto anayeelewa hesabu upesi hukubalika kwa urahisi, kwa kuwa wenzake humhitaji awafafanulie somo. Lakini anaweza kuhitajiwa hivyo miaka yote 6 ya shule ya msingi bila kumpata hata mmoja wa kuzungumza naye yanayomshughulisha.

Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1942, baada ya kifo chake, kwamba mtoto wa namna hiyo hutafuta wenzi wanaolingana naye kwa umri wa akili, yaani kiwango cha kufikiri alichokifikia, ambao kwa kawaida humzidi miaka na humwona mdogo. Miraca Gross wa Australia aliendeleza hoja hiyo kwa kupanga fikra za watoto kuhusu urafiki katika hatua 5, kutoka mwenzi wa kucheza naye hadi rafiki aliye kimbilio, akaonyesha kuwa wenye vipawa huzifikia hatua za juu mapema.

Hoja hizo zilijengwa juu ya shule ambamo watoto wa rika moja huketi pamoja, na ndiyo sababu Shasha, kijiji cha Masisi, inastahili kutazamwa peke yake. Vita vya Kivu ya Kaskazini vimewachelewesha watoto wengi shuleni, hata mwenye miaka 9 huketi na mwenye miaka 14 katika darasa moja. Kuchelewa huko ni dhuluma, na hakuna haja ya kuipamba. Hata hivyo kumemweka karibu na mtoto mwenye kipawa yule mwenzi mkubwa ambaye kwingineko angemtafuta nje ya darasa, na ambaye, akiwa anasoma somo lile lile, ana sababu ndogo ya kumdharau.

Urafiki wa namna hii ni adimu, na ukivunjika si rahisi kuziba pengo lake. Mapigano yalipofika Shasha mwezi Februari 2024 na kuikata barabara inayounganisha miji ya Sake na Minova, familia zilitawanyika, nyingine zikaelekea Minova, nyingine Goma. Shule inayowapokea wakimbizi wa ndani huuliza mtoto alifika darasa la ngapi, swali la lazima. Ingepaswa kuuliza pia alikuwa akisoma na nani, na wawili hao wakipatikana mahali pamoja, waandikishwe darasa moja hata kama vyeti vyao havilingani.